Panya Wasiopewa Dawa

3 Machi

Mvua zimeanza, na dari la ofisi limeanza kazi yake pamoja nazo. Nimeweka ndoo juu ya kabati na kusogeza kompyuta kwenye kona ya mwenzangu wa chumba, ambaye hajafurahi. Tunamwita Mashine kwa jinsi anavyochapisha makala. Kwa panya sita anaweza kutoa makala nne: moja ya uzito, moja ya damu, moja ya ini, na ya mwisho ya kusema kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Mimi nina makala mbili katika miaka mitatu. Leo Mkuu wa idara amenisimamisha kwenye ngazi na kunikumbusha, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba kamati ya mikataba inakaa mwisho wa Mei. Nahitaji makala ya tatu, tena iwe imekubaliwa na jarida, siyo "iko njiani". Nisipoipata namwaga unga. Nimeanza kuandika hapa ili angalau pawe na kitu kimoja ninachokiandika kisichopita kwa wahakiki.

5 Machi

Nieleze kazi yenyewe, maana hata mke wangu huwaambia watu kwamba natibu mifugo. Siku hizi siwashiki panya. Nakusanya makala za watu wote, popote walipo, ambao waliwajeruhi panya uti wa mgongo kisha wakawapa dawa moja inayosemekana kurudisha miguu. Nazijumlisha zote ili nijue kama dawa inasaidia kweli, kwa sababu utafiti mmoja unaweza kubahatisha. Mwisho wa hesabu unapata mchoro mmoja. Kila utafiti una kistari chake, katikati pana mstari wa wima maana yake "hakuna faida", na chini kabisa panakaa umbo la almasi, ambalo ndilo jibu la tafiti zote kwa pamoja. Almasi ikikaa kulia bila kuugusa mstari, dawa inasaidia. Ikiugusa, huna kitu mkononi.

Daktari wa mgongo wa hospitali kuu ananiuliza kila wiki nimefika wapi. Anataka kuanza kuijaribu dawa hiyo kwa watu, na shemeji yangu ni mmoja wa wale atakaoanza nao.

6 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Mashine amechapisha.

9 Machi

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, wa mwisho kuzaliwa kwao. Alikuwa fundi rangi. Mwaka jana jukwaa lilimwangusha kutoka ghorofa ya pili, na tangu siku hiyo hana habari na chochote kilicho chini ya kiuno. Anaishi kwetu sebuleni, kwenye kitanda tulichokisukuma dirishani. Mikono yake iko vilevile, migumu, na ndiyo inayomweka mjini. Mke wangu hushona sare za shule, naye huzipiga pasi akiwa ameegemezwa kwenye mito, na hakuna mtu anayenyoosha marinda kama yeye.

Alipewa kiti cha magurudumu. Amekigeuza kitundikio cha nguo.

"Shemeji, kiti nitakizoea, halafu?" aliniambia. "Nikishakizoea ndiyo basi tena. Ngoja kwanza panya wako waseme."

12 Machi

Nimemaliza kutoa namba kwenye makala zote isipokuwa zile zenye masharubu. Masharubu tunaita vile vijistari vinavyosimama juu ya nguzo za grafu. Vinaweza kuwa mchepuko, yaani jinsi panya walivyotofautiana wao kwa wao, au vinaweza kuwa kosa, yaani mashaka yaliyopo juu ya wastani wao. Kosa siku zote ni fupi kuliko mchepuko. Ukilichukua kosa ukadhani ni mchepuko, dawa inavimba na kuonekana na nguvu mara mbili tatu ya ilivyo. Mwandishi muungwana huandika chini ya grafu ni kipi. Nina makala nne za watu wasio waungwana, na zote nne zina matokeo mazuri ajabu. Nimewaandikia kuwauliza. Kwa sasa nimezihesabu kama mchepuko, ili kazi isilale.

15 Machi

Almasi imekaa kulia. Siyo kulia kwa kuchungulia, ni kulia kabisa, mbali na mstari.

Nilikimbia kwenda nyumbani bila mwavuli. Nilijua majibu ya masharubu bado, na kama ingekuwa ni mwanafunzi wangu ningemwambia afunge mdomo. Lakini nilipoingia nikamkuta Shemeji ameinua pasi, ananitazama, nikasema yote. Mke wangu aliketi sakafuni penye vipande vya vitambaa na kulia. Shemeji alitaka aione hiyo almasi, nikamchorea kwa kidole kwenye maji yaliyomwagika mezani.

"Na huu ndio mstari?"

"Ndio huo."

"Na sisi tuko huku."

"Tuko huko."

Tulikula tukicheka. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alimtania dada yake kuhusu chumvi. Nilikuwa na furaha kuliko siku nilipopata shahada.

18 Machi

Nimerudi jioni, Shemeji akauliza: "Almasi imelala wapi leo?" Nikasema palepale.

19 Machi

"Almasi imelala wapi?" Palepale.

22 Machi

Mkuu wa idara amenipigapiga begani. Amesikia. Ameniambia majarida yanazipenda habari kama hizi, na akaniita "ndugu yangu". Daktari wa mgongo naye amepiga simu, akauliza kama anaweza kuutaja mchoro wangu kwenye kikao. Nikamwomba angoje kidogo. Akasema sawa, lakini sidhani kama alinisikia.

28 Machi

Amejibu mmoja. Ni mtafiti mstaafu, mama mtu mzima kwa jinsi anavyoandika, taratibu na bila papara. Anasema masharubu yale ni kosa, siyo mchepuko, na anaomba radhi kwamba hawakuandika, zamani zile hakuna aliyeuliza. Kisha ameongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba walirudia jaribio lile mara tatu. Mara zote tatu panya waliopewa dawa na wasiopewa walilingana. Matokeo hayo hawakuyapeleka popote. Yako kabatini kwake, na kama nayahitaji atamwomba mjukuu wake amsaidie kuyapiga picha.

Nilisoma barua hiyo nimesimama. Nimeomba picha.

2 Aprili

Wale wengine watatu wamejibu pia. Kosa, kosa, kosa.

Nimefanya hesabu upya asubuhi yote, maji yakidondoka kwenye ndoo nyuma yangu. Nimesahihisha masharubu ya makala nne, nimeingiza majaribio matatu ya kabatini, nikabonyeza. Almasi imegusa mstari. Haikugusa kwa ncha, imeulalia. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuumia, nikaangalia na kile ambacho sikukitazama vizuri mwanzoni, panya waliokufa kabla ya mwisho. Waandishi wengi waliwaondoa kwenye wastani na kuwataja kwa maandishi madogo. Waliokufa kwenye kundi la dawa ni wengi kuliko wa kundi la wasiopewa.

Mashine alikuja kuchungulia begani kwangu.

"Mbona umenuna?"

Nikamwonyesha. Akatazama kidogo tu, yeye ni mwepesi.

"Hizo za bibi za kabatini zitoe. Hazijachapishwa, huna lazima nazo. Na hizi mbili ndogo, sema hazikukidhi vigezo."

"Vigezo gani?"

"Vile utakavyoviandika."

"Huo si wizi?"

"Wizi wa nini? Umeiba nini? Hivyo ni vigezo. Kamati inakaa mwezi ujao, rafiki yangu, na mimi sitaki kupewa mtu mwingine chumbani anayekoroma."

Alipokwenda kufundisha nilizitoa. Lazima niseme hivyo hapa. Nilitoa zile alizosema, nikabonyeza, na almasi ikarudi kulia, safi, kama mtu aliyetoka kuoga. Nikakaa nayo ikiwa kulia mpaka chai ikapoa. Nikamwona akilini Shemeji amesimama kwenye mlango wetu anakung'uta maji ya mvua viatuni. Kisha nikazirudisha zote.

3 Aprili

"Almasi imelala wapi leo?"

"Inatikisika kidogo."

"Si ni upepo," akasema, akaendelea na pasi.

4 Aprili

Sijaenda kazini. Nimemwambia mke wangu ni mafua.

7 Aprili

Shemeji amemwomba dada yake amtafutie viatu. Mguu wake umepungua, anataka namba ndogo zaidi. Nilitoka nje nikasimama barazani kwenye manyunyu kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

11 Aprili

Nimesema.

Nilisubiri mke wangu amalize kushona mkono wa blauzi, kisha nikaomba azime cherehani. Nikawaeleza masharubu, kosa na mchepuko, bibi wa kabatini, yote. Nilieleza vibaya, kama nafundisha darasa. Shemeji alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo panya hawakutembea?"

"Walitembea."

"Sasa?"

"Walitembea hata wasiopewa dawa. Panya ukimjeruhi mgongo nusu, akikaa wiki chache huinuka mwenyewe. Ndivyo alivyo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Shemeji alitazama mikono yake.

"Mwenyewe tu?"

"Mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi nimezidiwa na panya."

Akacheka, na nikajikuta na mimi nacheka, kwa sababu ndivyo tulivyozoeana. Mke wangu hakucheka. Alikunja ile blauzi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Habari njema uliileta umelowa maji, hukuweza kungoja hata uvue viatu," alisema. "Hii umekaa nayo siku zote hizi tunakula sahani moja. Wewe wakati wa kusema huujui, mume wangu. Hukuupata hata mara moja."

Nimelala nimegeukia ukuta, naye amegeukia wa kwake.

12 Aprili

Nimekwenda kwa Daktari wa mgongo na mchoro mpya. Ni mtu mwema, sitamsema vibaya. Aliniagizia chai, akausoma mchoro kwa makini, akauliza maswali ya maana.

"Hii imechapishwa?"

"Bado."

"Basi mimi nitaitumiaje? Kamati ya maadili imepitisha jaribio kwa makala zilizochapishwa. Siwezi kwenda kuwaambia kuna jamaa ana mchoro."

"Na panya waliokufa?"

"Watu si panya, tutawaangalia kwa karibu. Ichapishe, ndugu yangu. Ikitoka tu, nitasimamisha siku hiyohiyo."

Nimeondoka nimepata moyo. Kuchapisha basi. Kwa mara ya kwanza makala ninayoihitaji kwa ajili ya ugali wangu ndiyo hiyohiyo inayohitajika duniani.

20 Aprili

Nimeituma. Sikumbuki niliwahi kuandika kitu kizuri kama hiki. Kila kitu kimo, hata barua ya bibi, kwa ruhusa yake.

24 Aprili

Mvua.

27 Aprili

Mvua. Shemeji hajaniuliza kitu tangu siku ile. Ananisalimu, ananipa nafasi ya kupita. Nilidhani kimya chake ni hasira, lakini leo nimemwangalia vizuri akipiga pasi na nimeona ni kitu kingine. Amekwisha kuamua jambo na anangoja wakati.

6 Mei

Jarida limekataa. Hawakuipeleka hata kwa wahakiki. "Matokeo hayaongezi jambo jipya." Nimeipeleka kwa jingine jioni hiihii. Mkuu wa idara hajaniita "ndugu yangu" kwa wiki kadhaa.

17 Mei

La pili limekataa. Huyu mhariri alikuwa mkarimu zaidi, ameandika kwamba kazi ni safi, hesabu ni sahihi, lakini wasomaji wao hupendelea matokeo yenye mwelekeo. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Panya wamelingana, huo si mwelekeo? Bibi wa kabatini nimemwelewa leo. Sikuwa namlaumu, lakini sikuwa nimemwelewa.

Nimemwandikia Daktari wa mgongo kumsihi. Amejibu kwamba anasikitika, wagonjwa wanaanza kulazwa wiki ijayo.

20 Mei

Shemeji amesema. Mke wangu alikuwa sokoni, nadhani alichagua hivyo makusudi.

"Nakwenda hospitali. Nimeshaongea nao kwa simu."

Nikarudia yote. Safari hii sikueleza kama darasani, niliomba. Nikamwambia kuhusu waliokufa. Nikamwambia mikono yake ni mizima, kuna watu wanaomtegemea kwa mikono ile, dada yake kwanza.

"Shemeji," akasema, "mimi hapa dirishani nafanya nini?"

"Unafanya kazi."

"Nanyoosha marinda. Wewe umeniambia ukweli, na nakushukuru, wengine wasingeniambia. Haki yangu umeshanipa. Sasa niache nidanganywe kidogo."

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Nilitaka aendelee kuongea.

23 Mei

Tumempeleka. Mvua ilikuwa nyepesi. Nilimbeba mimi kutoka kwenye gari hadi mlangoni, akawa ananiambia polepole nisitembee kama bata. Muuguzi alitaka ndugu mmoja anayesoma na kuandika aweke sahihi kama shahidi kwamba mgonjwa ameelezwa hatari. Mke wangu aliikataa kalamu, akatazama pembeni.

"Umemweleza?" muuguzi akaniuliza.

"Nimemweleza."

"Ameelewa?"

"Ameelewa."

Nimeweka sahihi. Niliandika vizuri, inasomeka.

29 Mei

Mkataba haukuongezwa. Kikao kilikuwa kifupi, nadhani walitumia muda mwingi zaidi kwenye chai. Mashine amenisaidia kubeba masanduku mpaka getini tukiwa tumejifunika nailoni moja. Amesema ataniweka mwandishi wa nne kwenye makala yake ijayo, ile ya ini. Nimemwambia nitafikiri. Nitakubali.

1 Juni

Sina la kuandika. Nimezibua mfereji wa bati.

2 Juni

Homa. Shemeji ametapika usiku kucha, na leo mikono inamtetemeka. Mke wangu alimpa kikombe kikaanguka. Akampa tena, akamshikia. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda nikijua dalili hizi zimo kwenye makala gani, kundi gani, ukurasa gani. Kujua huko hakukumsaidia mtu yeyote mle wodini, mimi nikiwemo. Nilimwuliza kama tuwaambie waache. Akatikisa kichwa.

4 Juni

Homa imeshuka. Mikono bado.

7 Juni

Leo hakukunyesha. Mke wangu alinipigia simu asubuhi, analia na kucheka, sikuelewa hata neno moja isipokuwa "kidole" na "njoo".

Nilikuta wamemzunguka. Muuguzi alikuwa ameondoa shuka miguuni. Akanawa mikono, akarudi akiwa hajaikausha, akamgusa chini ya unyayo, na kidole gumba cha mguu wa kulia kikaruka. Mke wangu akashika mdomo. Muuguzi akagusa tena, kikaruka tena.

Ninakijua kidole hicho. Mguu uliokatiwa mawasiliano na kichwa hurukaruka wenyewe ukiguswa na kitu cha baridi, ni mshtuko wa misuli tu, hauna maana yoyote. Nimeuona kwa panya wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, waliopewa dawa na wasiopewa. Ukitaka kupima unamwambia mgonjwa akichezeshe mwenyewe bila kuguswa. Hakuna aliyemwambia, na nilielewa kwa nini, na mimi pia sikumwambia.

Shemeji alikuwa amekonda usoni. Mikono yake ilikuwa juu ya kifua, inatetemeka, na hakuwa akiitazama. Alikuwa akinitazama mimi. Dada yake naye alinigeukia, na hakuwa amenitazama hivyo tangu Aprili.

"Umeona?" Shemeji akauliza.

"Nimeona."

"Wewe ndiye msomi wetu. Sema basi. Ni dawa au si dawa?"

Nikasema ni dawa. Daktari wa mgongo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaandika.